Mstari wa Chini

Zamu ya usiku, Noida, ghorofa ya sita.
Kazi yangu ni ule mstari unaotambaa
chini ya skrini, chini ya tai ya mtangazaji,
kama siafu waliobeba punje.
Herufi tisini kila habari, na nafasi zinahesabiwa.
Hata Mungu akishuka, nitamwandika kwa herufi tisini.

Jana nahodha aliteleza mazoezini,
basi tangu magharibi tuna goti.
Goti kwa mbele. Goti kwa ubavuni.
Goti la kuchorwa na kompyuta, linazunguka
kama kuku wa kuchoma dirishani mwa hoteli.
Daktari wa Chandigarh analizungushia wino mwekundu,
mchezaji mstaafu anambishia,
mnajimu anawapatanisha: Zohali, anasema,
imeingia nyumba isiyo yake.
Mama wa nahodha amepigiwa simu mara tatu.
Nimeandika: MAMA: ANAKULA VIZURI.

Saa saba na dakika kumi akanipigia Bipin,
ndugu yangu, kutoka kwetu Kalahandi.
Niliisikia mvua kabla ya kumsikia yeye.
"Mto umekuja, Sulochana. Umelimega tuta lote.
Mwalimu Dambarudhar yuko juu ya paa la shule
na watoto wa bweni, thelathini na mmoja.
Kwa mkuu wa wilaya simu inalia tu.
Wewe si uko kwenye televisheni?"

Niko kwenye televisheni.
Nikahesabu kwa vidole, kama atungaye kwa mizani:
MTO TEL WAFURIKA KALAHANDI. WATOTO 31 JUU YA PAA LA SHULE. HAKUNA MSAADA.
Sabini na tatu, nukta zikiwemo.
Zilibaki kumi na saba: zingetosha
majina ya watoto wawili, wale wa majina mafupi.

Ikapita mara moja. Ikapita mara ya pili,
kati ya bei ya dhahabu na kijibwa
cha mwigizaji aliyetua Mumbai,
kijibwa kimevaa koti.
Mara ya tatu Khurana akatoka chumbani kwake,
kikombe mkononi. Si mtu mbaya, Khurana;
alinikopesha fedha za harusi ya dada yangu
na hajawahi kunidai.
"Nani kaweka hii? Tuna picha?"
Hatuna. Kule ni giza na mvua.
"Basi hatuna mafuriko," alisema,
bila ukali, kama mtu anayekutajia saa.
"Na huo mstari nauhitaji. Kuna tetesi
goti limepigwa eksrei ya pili."

Kufuta hakutaki nguvu. Kidole kimoja.
Kwanza ulikwenda msaada, ambao haukuwapo.
Kisha shule. Kisha paa,
na watoto wakabaki kitambo wamening'inia hewani,
WATOTO 31 JUU YA,
mkono wangu ukasita hapo
mpaka Khurana akakohoa.

Kukicha, skrini tisa za ukutani,
yetu na za mahasimu wetu,
zilikuwa na mlango mmoja wa hospitali moja,
na mlinzi yule yule akipiga miayo mara tisa.

Bipin akapiga tena. Sauti imemkauka.
Walitumia kamba, na mipira ya matairi ya trekta.
Ishirini na tisa wameshuka.
Wawili, mwalimu bado anawaita.
Sikumuuliza majina yao. Niliogopa ufupi wake.

"Tuko dukani kwa Jhasketan," akasema,
"huku juu maji hayajafika. Televisheni tuliiokoa,
tumeifunga kwenye betri. Watu wamelowa,
wamekaa tu, wanaitazama.
Ila mvua inapiga bati, sauti hatuipati."
Akanyamaza. Nilidhani simu imekata.
"Sulochana, hilo goti... wanasemaje?"

Nami nikamwambia.
Uvimbe, siku kumi, mechi atakazokosa, jina la daktari.
Mungu anisamehe, nilikuwa najua kila kitu.